Mbuzi Ndani ya Kioo

Nilianza mlangoni, nikihesabu vichwa
kwa kidude cha chuma kinacholia tik.
Mtalii, tik. Basi la shule kutoka Barka, tik tik tik,
mpaka kidole gumba kikaota sugu.
Nje Maskati inachemka kama birika,
ndani baridi ya mashine, na mimi
na sweta la marehemu baba.

Chumba cha tatu, kabati la saba,
palikuwa na mbuzi.
Si mbuzi wa kamba. Mbuzi ya nazi,
miguu imekunjwa, ulimi wa chuma nje,
na kibandiko cha Kiarabu fasaha:
*Kigoda cha kukunja. Huenda ni cha msafiri.
Matumizi ya chuma hayajulikani.*

Hayajulikani!
Na mama kila Ijumaa yuko juu yake, jikoni kwetu Sib,
kanga kiunoni, dirisha limefungwa
jirani asisikie tunagombana kwa lugha gani.
Miaka sita nilipita mbele ya kioo kile.
Tik.
Nilikuwa nataka meza. Mwenye kutaka meza
hamwambii mwenye meza kwamba kakosea.

Nikaipata. Meza, na printa isiyo wino,
na cheo: Mkuu wa Vipindi vya Umma.
Umma wenyewe haukuwa na habari.
Jioni ya kwanza nilipanga viti arubaini,
halwa, kahawa, profesa na slaidi mia na tisa.
Wakaja wawili: Shaji, mlinzi, saa yake ya mapumziko,
na mama mmoja aliyekimbia joto.
Profesa hakuruka hata slaidi moja.
Shaji alipiga makofi peke yake.
Deni lile sijalilipa.

Kazi hii haina chuo, ina aibu tu.
Niliweka mhadhara usiku wa fainali ya mpira.
Niliwaeleza watoto karne, wao wakauliza
jambia hili limeua nani.
Bajeti nilinyimwa mara tatu; ya nne nikapewa nusu,
nikashukuru kama nimepewa yote.

Ndipo nikaanzisha *Leta Chako*:
Alhamisi ya mwisho wa mwezi, njoo na kitu cha nyumbani, ukisemee.
Zikaja redio. Ukaja ufunguo wa nyumba ya Ruwi iliyokwisha kubomolewa.
Akaja Bi Ghaniya bint Khalfan,
mjukuu nyuma na mfuko wa plastiki:
nazi mbili za Salala.
"Na kitu chenyewe, bibi?"
"Kitu mnacho nyie, mmekifungia. Mie nimeleta nazi."

Mjukuu akamsomea kibandiko.
Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka.
Akaniuliza mimi binti wa nani. Nikamtajia.
Akasema kwa Kiswahili, ukumbi mzima kimya:
"Basi mamako akikuna na nini? Na meno?"

Mhifadhi alikataa kufungua kabati, na alikuwa na haki.
Mwezi uliofuata nilileta ya mama, na kutu yake.
Bi Ghaniya akaikalia mbele ya kabati la saba,
goti huku, goti kule, sinia chini,
na sauti ile, krrr, krrr,
ikanishika kooni nisiweze kutafsiri.
Shaji akavua kofia ya kazi.
"Kwetu Kerala pia tunakaa hivi," akasema,
akaomba zamu. Alikuna vizuri kuliko mimi.

Kwenye ripoti niliandika:
*Waliohudhuria: kumi na tisa. Vifaa: nazi mbili.*
Kisanduku cha matokeo nilikiacha wazi.
Kibandiko kipya kilichukua kamati tatu na miezi saba;
neno *mbuzi* lilijadiliwa na wanaume watano
ambao hawajapata kukuna kitu.

Lakini asubuhi ile, kabla ya kamati yoyote,
mfagiaji alinipigia simu kutoka chumba cha tatu.
Kakuta chicha sakafuni, chini ya kioo.
Anauliza: aitupe, au ina namba?

Nikamwambia angoje, ninakuja.